Konzi Moja Kabla ya Kupika



Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo kwa mara ya pili, kwanza alimtajia bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Timotheo alikuwa kiongozi wa Kanisa, lakini imani yake aliipata nyumbani, kwa kuwatazama wanawake wawili. Na ukarimu hupatikana vivyo hivyo. Mtoto huona kwanza, akaelewa baadaye.

Sisi tulimwona bibi mmoja wa Mbweni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele na sukari vilikuwa vya mgao hapa Unguja, nasi watoto tukitumwa kupanga foleni. Kila siku, kabla hajabandika chungu, bibi huyo alichota konzi moja ya mchele akaitia katika kopo. Jumamosi alitupa kopo hilo, limefunikwa kwa kipande cha kanga, tumpelekee jirani aliyefiwa na mume na kuachiwa watoto. Jirani yule alikuwa Mwislamu. Bibi hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Alituagiza tu tupite mlango wa uani, watu wasione.

Siku moja, njaa ikituuma, tulimwuliza: "Bibi, kwa nini usingoje tule kwanza, kikibaki ndiyo tupeleke?" Akajibu: "Mjukuu wangu, ukingoja kibaki, hakibaki."

Naye alikuwa ameona kwa wengine. Mama yake alisoma katika skuli ya wasichana ya Mbweni, chini ya Bibi Caroline Thackeray, aliyekuja kutoka Uingereza mwaka 1877 na kuiongoza skuli ile mpaka 1902. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, watoto wasiokuwa na baba wala mama wa kuwakimbilia. Alipoacha uongozi hakurudi kwao. Alikaa papa hapa mpaka alipofariki mwaka 1926. Baadhi ya wasichana wale wakawa walimu, wengine wakavuka bahari kwenda kufundisha Bara. Waliopewa wakawa watoaji. Magofu ya skuli yangali yapo, lakini kazi yake haikubaki magofuni. Ilifika katika kopo la mchele.

Sasa, ndugu zetu, tuungame. Tulifundisha miaka mingi, na tulisimulia habari za mjane na senti zake mbili (Luka 21:1-4) mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tukastaafu, tukapata kiinua mgongo, tukaanza kuezeka nyumba. Siku moja akaja mtoto wa jirani. Viatu vyake vya skuli vilikuwa vimekwisha, na madaftari hana. Tukamwambia, "Njoo mwezi ujao, mabati yakishalipwa." Hakuja. Baada ya wiki kadhaa tulimkuta Darajani saa za masomo, akiuza mifuko. Akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu." Hatukujua tuitikie kwa uso gani.

Usiku ule tulimkumbuka bibi na kopo lake. Tulikuwa tumengoja kibaki, nacho hakikubaki. Kesho yake tulikwenda kwa mama yake mtoto, tukanunua viatu na madaftari, naye akarudi skuli. Lakini muhula mzima alikwisha kuupoteza, na huo hatuna uwezo wa kumrudishia. Tangu hapo pensheni ikiingia, kitu cha kwanza ni kutenga konzi yetu. Mabati hungoja.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi twaongeza kwamba moyo nao hufundishwa. Kijana anayesifiwa leo kwa wema wake, ukimwuliza, mara nyingi atakutajia mtu fulani aliyemwona utotoni: shangazi, mwalimu, mzee wa kanisa. Na mtu yule pengine alikufa asijue kwamba alikuwa akitazamwa.

Basi sisi tunatazamwa. Watoto wetu wanatutazama sadaka inapopitishwa pale Mkunazini, kama tumeiandaa tangu nyumbani au tunapapasa mfukoni kutafuta sarafu ndogo. Wanatusikia maskini anapobisha hodi. Tusiwafanye watazamaji tu. Tuwape mikono yao kazi: mtoto mwenyewe achote konzi, mwenyewe abebe kopo, apite mlango wa uani. Tusimfundishe kutangaza, kwa maana Bwana wetu ametuonya juu ya baragumu (Mathayo 6:2).

Kila mmoja wetu na aulize usiku huu: utotoni tulimwona nani? Tumshukuru Mungu kwa ajili yake, tukimtaja kwa jina katika sala zetu. Kisha tuulize swali lililo gumu zaidi: mtoto anayetutazama sisi, anaona nini?

Mungu atujalie kutoa kabla ya kupika, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.