Njia ya Kweli, Upande Usio Wake

Twasikia mara nyingi mtu akilitetea kosa lake kwa kusema, "Mimi nimeifuata njia niliyoikuta." Je, neno hili lamtoa lawamani? Tulipokuwa tukilijadili darasani kwetu, mmoja wetu alileta habari ya mdudu wa baharini, nasi twaona yafaa kuwafikishia wasomaji.

Mdudu huyu huitwa kopepodi. Bahari yetu hii nayo imejaa wa jamaa yake, ila ni wadogo mno, wengi wao hawazidi milimita chache, nao huchukuliwa na mkondo. Aina moja, Temora, huishi Atlantiki ya kaskazini. Jicho lake ni moja tu, latambua nuru na giza, wala halimwonyeshi sura ya mwenziwe. Basi dume humpataje jike katika maji yasiyo na mpaka? Jike aogeleapo huacha nyuma yake uzi wa harufu. Na kwa kiumbe mdogo kiasi hicho maji ni mazito kama asali, hata uzi haupotei upesi. Wataalamu waliowapiga picha walieleza mwaka 1998 kwamba dume huweza kuugundua uzi ulioachwa sekunde 10 zilizopita, akaufuata mbio, pinda kwa pinda, masafa ya zaidi ya mara 100 ya urefu wa mwili wake.

Lakini uzi una ncha mbili. Pengine dume hushika upande ule jike alikotoka, akazidi kujitenga naye. Njia ni ya kweli, juhudi ni ya kweli, na mbele yake ni maji matupu. Kisha hugeuka.

Sisi twasema kuianza ncha isiyo yake si jambo la lawama. Angelijuaje kabla ya kwenda? Lawama ni ya yule aonaye dalili zafifia naye akaendelea. Mwenzetu mmoja alipinga, akasema mdudu hana hiari, na asiye na hiari hahukumiwi. Ni kweli, wala hatumsifu. Yeye hugeuka kwa wepesi kwa kuwa hana wa kumcheka. Mtu ana jirani, ana wanafunzi, ana maneno aliyokwisha kuyanena hadharani. Kugeuka kwake kwamgharimu, na thamani yake twaiona hapo.

Hata Temora harudi bure. Kuogelea kwake mwenyewe kumeuvuruga uzi aliokuwa akiufuata, na arudipo humbidi kupapasa huku na huku akiutafuta.