Shingo na Nia

Lugha yetu imeiweka nia ya mtu shingoni. Atendaye jambo bila kuridhia, twasema amelitenda shingo upande. Asiyekubali kuonywa, twamwita mwenye shingo ngumu. Hivyo shingo imefanywa shahidi wa moyo. Swali letu ni hili: je, ushahidi huo watosha kumhukumu mtu?

Elimu ya mwili yatutaka tuwe na hadhari. Ndani ya misuli ya shingo mna vipokezi vingi vidogo vya hisia. Kila kichwa kigeukapo, vipokezi hivyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo; sikio la ndani nalo hupeleka habari za mizani ya kichwa. Majibu hurudi kwa njia ya neva, na misuli hukaza au hulegea kabla nia haijashauriwa. Ndiyo sababu asinziaye huinua kichwa ghafla kinapoanguka, na asikiaye kishindo hukaza shingo kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia.

Mwaka 1912, Rudolf Magnus na Adriaan de Kleijn, huko Utrecht, Uholanzi, walieleza jinsi mkao wa shingo unavyotawala viungo vya mnyama. Kwa binadamu jambo hilo huonekana kwa mtoto mchanga: akilala chali na kichwa kikielekea kulia, mkono wa kulia hunyooka na wa kushoto hukunjika. Mwitiko huo hufifia kwa kawaida afikapo miezi sita hivi, kwa kuwa ubongo unaokomaa huuzuia. Lakini kwa baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo hubaki. Mtoto wa namna hiyo ageuzapo kichwa kuutazama ubao, mkono wake huweza kunyooka ghafla, daftari likaanguka au jirani yake akapigwa kikumbo. Asiyejua humwita mtundu, akamwadhibu.

Hiyo ni dhuluma, maana lawama ni halali pale tu penye hiari.

Wako watakaouliza: je, kila mkosaji hatajitetea kwa neva zake? La. Kushtuka si kosa. Lakini ashtukaye, akatulia, kisha akamrudia mwenzake kwa ngumi, ana la kujibu, kwani palikuwapo nafasi ya kufikiri. Kumsamehe huyo kwa kisingizio cha mwili ni kumvua utu wake, kama vile kumwadhibu yule wa kwanza kulivyo kumwonea.

Basi sisi walimu tuendelee kuifundisha misemo yetu, kwani ni mizuri. Ila tusiifanye sheria ya kuhukumia. Tuulize kwanza. Na mtoto ambaye mkono wake hufuata shingo, tumketishe akiuelekea ubao moja kwa moja, ili asilazimike kugeuka. Pengine kosa tulilodhani ni la tabia litaondoka kwa kusogeza dawati tu.