Kufukuzwa Bila Barua

Msikilizaji, si kila anayeacha kazi ameiacha kwa hiari. Mwaka 2006, wakuu wa kampuni ya simu ya Ufaransa, France Télécom, ambayo leo ni Orange, walitaka watu 22,000 waondoke. Wengi walikuwa na hadhi ya watumishi wa umma. Kuwaachisha kazi hakukuwa rahisi. Basi wakachoshwa. Fundi akaketishwa kupokea simu za wateja, mwingine akahamishiwa mji wa mbali, mwingine akaachiwa meza isiyo na kazi. Mkurugenzi Didier Lombard aliwaambia mameneja kuwa watu wataondoka tu, iwe kwa mlango au kwa dirisha.

Mahakama ya Paris iliangalia visa vya wafanyakazi 39. Kumi na tisa walijiua. Desemba 2019, Lombard na wenzake walitiwa hatiani. Kampuni ikatozwa faini ya euro 75,000: chenji ya chai, kwa kweli.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kuwa anayejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike ameachishwa. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukianza kusukumwa, andika tarehe, tunza ujumbe, na uone chama chako cha wafanyakazi kabla hujasaini chochote.