Kipimo na Njia Yake

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu amevitukuza tangu alipoanza kununua na kuuza, kipimo kina daraja ya juu. Pishi, kibaba na mizani ni mashahidi walioitwa sokoni ili watu wasiojuana waweze kuaminiana. Ushahidi wao ukiharibika, si mnunuzi peke yake apataye hasara. Soko zima huugua. Ndiyo sababu mpunja mizani amelaumiwa na dini, na sheria, na mithali za wazee. Lakini liko swali jingine ambalo mara chache huulizwa, nalo ndilo nitakalo kulijadili hapa. Je, kipimo kilicho sahihi chaweza kumdanganya mtu? Na kama chaweza, lawama ni ya nani?

Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinijia Nyakato, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, mbele ya gereji moja kando ya barabara iendayo Musoma. Watu wawili walikuwa wakibishana juu ya gari. Mmoja alikuwa mwalimu, na wa pili shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ni kuagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla Axio ya haibridi, yaani gari lenye mitambo miwili, injini ya petroli na mota ya umeme. Mke wa mwalimu alikuwa ameketi ndani yake, mlango ukiwa wazi, akisikiliza.

Mwalimu aliambiwa, kabla ya kutoa akiba yake ya miaka mingi, kwamba gari hilo huenda kilomita 33 kwa lita moja. Alipolipata alifanya kama wafanyavyo watu waangalifu. Alijaza tangi, akaandika kilomita, akaenda katika shughuli zake, akajaza tena, akagawanya. Jibu likawa 19. Alirudia mara nne. Jibu halikuondoka penye 19 ila kwa kidogo.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya chini iliyokuwa nzito kuliko ukelele, "ningedanganywa na mtu baki ningenyamaza. Wewe umekula kwangu."

"Sikukudanganya, shemeji," akajibu yule. "Namba ile hawakuitunga watu wa hapa. Waliiandika watengenezaji wenyewe. Nenda kasome."

Mwalimu alikuwa akisema kweli, na shemeji yake naye alikuwa akisema kweli. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili. Uongo ukigombana na kweli, mwamuzi hapati taabu. Lakini kweli mbili zikigombana, yatakiwa mtu aulize kila moja ilitoka wapi.

Namba 33 ilitoka Japani, katika mwaka 2013, gari la aina hiyo lilipoanza kuuzwa. Ilipatikana kwa utaratibu wa upimaji wa nchi ile uitwao JC08. Katika utaratibu huo gari halipelekwi barabarani. Huwekwa chumbani, magurudumu yake yakizunguka juu ya mapipa ya chuma, na dereva hufuata mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde. Kazi yote ni dakika 20 na safari ya kilomita 8 na kidogo. Wastani wa mwendo ni kilomita 24 kwa saa, na kasi kubwa kabisa haifiki 82. Kiyoyozi huzimwa. Humo hamna upepo wa ziwa, wala vumbi, wala kilima, wala watu watano na gunia la mchele nyuma.

Ili tuone kwa nini hayo yana uzito, yafaa tukumbuke jinsi gari la namna hii libanavyo matumizi. Gari la kawaida likifungwa breki, nguvu ya mwendo wake hugeuka joto na kupotea. Gari la haibridi hujaribu kuokota kilichoanguka. Dereva apunguzapo mwendo, mota hugeuka kuwa kinu cha umeme, ikairudisha sehemu ya nguvu ile katika betri. Na aanzapo kuondoka tena, umeme ule humsaidia, na injini hupumzika. Basi faida yake ni kubwa mahali penye kusimama na kuondoka, kama mtu atokaye Nyakato asubuhi kwenda mjini kwa kupitia Buzuruga na Mabatini, katikati ya daladala na pikipiki. Lakini mtu yule yule akishika njia ya Kisesa na Magu kwa kilomita 100 kwa saa, breki haguswi ila kwa nadra, na hakuna cha kuokota. Adui wake hapo ni hewa, ambayo uzito wa upinzani wake huongezeka mara nne mwendo uongezekapo mara mbili. Kazi karibu yote humrudia mtambo wa petroli.

Tena kuna vilima, ambavyo Mwanza haina uhaba navyo. Gari hulipa katika kupanda na hurudishiwa katika kuteremka, lakini hairudishwi yote, kwa maana hakuna mashine irudishayo kila ilichopewa. Kuna na umri. Betri ya gari hilo hupozwa kwa hewa ivutwayo kutoka ndani ya gari. Vumbi likiziba njia ya hewa, betri hupata joto na huchakaa. Betri iliyochakaa huweka akiba ndogo, na injini hulazimika kufanya kazi iliyokuwa ya mwenziwe. Gari la mwaka 2013 limekwisha kupita miaka kumi. Kulitaka litoe leo Nyakato namba ya ujana wake kule chumbani ni kumtaka mzee apande mlima kwa pumzi za mwanawe.

Wala tusidhani kwamba mgogoro huu ni wa Afrika tu. Toyota Prius iliyotoka mwaka 2009 iliandikiwa Japani kilomita 38 kwa lita kwa utaratibu wa zamani, na 32.6 kwa utaratibu wa JC08. Huko Marekani iliandikiwa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 21 kwa lita. Kulikuwa na aina moja ya gari na namba tatu, na hakuna aliyesema uongo. Kila mpimaji aliuliza swali lake, na gari likajibu kila swali kama lilivyoulizwa. Wamarekani wenyewe waliona kwamba swali lao la awali lilikuwa jepesi mno. Kuanzia magari ya mwaka 2008 waliongeza katika upimaji mwendo wa kasi, baridi na matumizi ya kiyoyozi. Na Prius iliyotangulia, iliyokuwa imeandikiwa maili 55 kwa galoni, ikashuka hadi 46 bila msumari wake mmoja kubadilishwa.

Haki yataka tutenge aina tatu za watu. Wa kwanza ni mwongo. Aprili 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba takwimu za matumizi ya mafuta ya magari madogo zaidi ya 600,000 zilichezewa. Wa pili ni mwenye kukosea. Mwaka 2014 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba namba ya gari lake la Fusion Hybrid haikuwa sawa, ikaishusha kutoka maili 47 kwa galoni hadi 42, ikawalipa wenye magari fidia. Mwongo huadhibiwa, na mkosaji husahihishwa. Lakini wa tatu ni yule asemaye kweli, akaisema mahali isipokuwa kweli. Huyu mahakama humfikia kwa nadra. Kwa kuwa sheria humgusa kwa nadra, aghalabu hubaki dhamiri kumshika mkono.

Nchi yetu yajua kulinda vipimo. Wakala wa Vipimo hukagua pampu za petroli ili lita iwe lita. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo, ili mnunuzi wa Mwanza ajue asichopaswa kuzidishiwa. Hata gunia la rumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu likabaki kuitwa gunia moja, limepigwa marufuku. Yafaa tulitazame gunia hilo, maana lina mafundisho. Ubaya wa rumbesa ni kwamba jina hubaki lile lile na hali kilicho ndani kimebadilika. Mkulima huambiwa "gunia," na neno halina kosa. Kosa limo katika kilemba. Namba 33 iliyovushwa bahari bila maelezo ni rumbesa ya namna nyingine. Tarakimu zimebaki zile zile, na njia imebadilika chini yake. Lita ina mlinzi, na bei ina mlinzi. Lakini kilomita iahidiwayo kwa mdomo haina mlinzi ila ulimi wa mwenye kuiahidi.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi naye ana akili, na angeweza kuuliza. Nakubali sehemu ya neno hili. Laiti shemeji angalisema 19, na muuzaji wa jirani angalisema 33, mwalimu angalinunua kwa nani? Sisi wanunuzi hupenda namba kubwa, na apendaye kusifiwa bidhaa yake hakosi wa kumsifia. Wako pia watakaosema kwamba bila chumba kile magari hayawezi kulinganishwa. Hilo nalo ni kweli. Kipimo cha chumbani ni chombo chema cha kuuliza lipi kati ya magari mawili latumia kidogo. Ubaya huanza mlinganisho ugeuzwapo ahadi.

Tena, hesabu ya mwalimu yenyewe ilikuwa na kificho. Gari lake la zamani lilikwenda kilomita 11 kwa lita. Jicho huona kwamba kutoka 11 hadi 19 amepata 8 tu, na kutoka 19 hadi 33 amepotezewa 14. Lakini tuhesabu petroli ya kilomita 100. Gari la zamani lilikunywa lita 9.1, hili lanywa 5.3; lile la ahadi lingalikunywa 3. Basi mwalimu ameokoa lita 3.8, na alizozikosa ni 2.3. Faida aliyoipata ni kubwa kuliko faida aliyoikosa. Kosa hili la jicho si la mwalimu peke yake. Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walilieleza mwaka 2008, wakashauri watu wahesabu mafuta ya safari badala ya safari ya mafuta.

Nilimwonyesha mwalimu hesabu hii kwa kijiti mchangani. Aliitazama sana, akakubali kwamba ni sahihi, na uso wake haukubadilika. Ndipo nilipofahamu kwamba hasira yake haikuwa ya petroli. Lita mbili na ushei zaweza kununuliwa tena kituoni. Alilokuwa akililia ni neno la shemeji yake, na hilo halina pampu.

Aliyeumaliza ubishi ule ni mwanamke aliyekuwa garini. Hakuinua sauti. Aliuliza, "Kaka, la kwako la namna hii linakwenda ngapi?"

Yule bwana alitazama chini. Kimya kilipita, malori mawili yakapita. Kisha akasema, "Ishirini. Pengine kumi na tisa."

"Basi ulijua," akasema dada yake, wala hakuongeza neno.

Fundi, ambaye muda wote huo alikuwa akisafisha njia ya hewa ya betri kwa brashi, alisema bila kugeuka, "Ungalimwambia 'thelathini na tatu za Japani,' mzee. Neno moja tu."

Nimelifikiri sana neno la fundi huyo. Namba haikuwa na kosa, na aliyeitamka hakuitunga. Lakini alikuwa na namba mbili kifuani, moja ya kusikia na moja ya kuishi nayo, akaitoa ile ya kusikia kwa sababu ilikuwa nzuri, akaizuia ile ya kuishi nayo kwa sababu ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipo lawama yake. Tena namba nzuri kuliko yote, kama ingetamkwa pamoja na jina la nchi yake, isingemdhuru mtu, mwalimu angaliuliza, "Na za Nyakato?" na mazungumzo ya haki yangalianza.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kipimo sahihi chaweza kudanganya, kwa maana kila kipimo kina njia yake, na kikitengwa na njia hiyo hubaki nusu ya kweli. Lawama si ya kipimo, wala si ya aliyekipima kwa uaminifu mahali pake. Ni ya yule akichukuaye kwingine akaiacha njia nyuma, hali aijua. Abebaye namba ana wajibu wa kubeba na njia yake. Wajibu huo si wa wauza magari peke yao. Sisi wasomi tumo katika biashara hiyo hiyo: kila siku twachukua tarakimu zilizopimwa katika nchi nyingine, za mashamba, za shule na za afya, tukazitoa kwa watu wetu kama ahadi. Kabla ya kuzitamka yafaa tujiulize alilouliza yule mwanamke: je, la kwako linakwenda ngapi?