Je, Nilimwona?

Mwaka jana nilisafiri na wanafunzi wenzangu hadi msitu wa Bwindi kumtafuta ndege mdogo wa kijivu anayekamata wadudu hewani. Wataalamu wamewahi kumwita Muscicapa lendu. James Chapin, Mmarekani, ndiye aliyemwandika kwanza mwaka 1932, na jina "lendu" ni la nyanda za Lendu kule Kongo, magharibi ya Ziwa Albert. Yaani sisi wa Arua tulipita nchi nzima kumtafuta ndege mwenye jina la majirani zetu!

Shida ni kwamba ana ndugu yake, Muscicapa adusta, wanayefanana mno. Huyu hupenda matawi ya chini na ukingo wa msitu. Yule hukaa juu kabisa kwenye majani. Lakini ndege hawasomi vitabu vyetu. Shingo zikatuuma, mara kivuli kikaruka juu, jua likiwa nyuma yake. Kiongozi akasema, "Huyo! Mmemwona?" Sote tukajibu, "Naam." Nikaandika kwenye orodha: nimemwona.

Je, nilisema uongo? Huenda alikuwa ndiye. Lakini niliposema "nimemwona" nilikuwa natoa habari za macho yangu, na macho yangu yaliona kivuli tu. Mwenzangu alicheka: ni ndege tu, sheikh. Ni kweli, ila ndege huyu yumo hatarini kutoweka, na orodha kama zile ndizo zinazowaambia watu anaishi wapi.

Likizo nikarudi Koboko. Mbuzi wa bibi mmoja jirani aliibiwa wakati wa Maghrib, nami nilikuwa nikipita njia ile kwenda msikitini. Baba mdogo akaniita mbele ya wazee: "Ulimwona kijana wa fulani?" Neno "naam" lilikuwa tayari mdomoni. Niliona mgongo na koti. Makoti kama lile yamejaa sokoni.

Nikasema, "Niliona koti, baba."

Alikasirika, akaniuliza kama namlinda mwizi. Mbuzi hakupatikana, na kama kweli ni yule kijana, basi bibi yule amepoteza haki yake kwa sababu yangu. Hilo sijalimaliza moyoni. Jioni ile nilimpigia simu mwenzetu anayetunza orodha ya Bwindi, nikamwomba afute jina la ndege wangu aandike: ndege wa kijivu, hakutambuliwa.