Medali Isiyovusha Mpaka

Msimu wa mashindano ya mitaani unapofika, vijana wa Busia huvuka mpaka viatu vikining'inia begani. Wa upande wa Kenya huenda kuchezea timu za Tororo, wa Uganda nao huja huku, na anayetoa nauli na sahani ya chakula ndiye mwenye mchezaji siku hiyo. Hakuna karatasi. Kijana akivunjika mguu, simu ya mwenye timu haipatikani tena. Wapo wanaoambiwa, "Funga bao, mheshimiwa atakukumbuka," na wanaamini. Kwa ajili ya hao nataka kusimulia maisha ya mtu aliyekumbukwa na mkubwa kuliko wakubwa wote wa nchi yake.

John Akii-Bua alikuwa Mganda wa kabila la Langi, askari polisi, mkimbiaji wa mita 400 kuruka viunzi. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimfanyisha mazoezi magumu, akikimbia amevaa fulana iliyotiwa uzito. Tarehe 2 Septemba 1972, kwenye fainali ya Olimpiki mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wa viunzi hawaipendi njia hiyo kwa sababu kona yake imebana, na mtu wa miguu mirefu hulazimika kukata mwendo pale anapotaka kuuachia. Kushoto kwake hakukuwa na mtu, kulia wote walimtangulia kwa mpangilio wa kuanzia. Akawapita. Sekunde 47.82. Hadi siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 aliyekuwa na rekodi ya dunia, alimaliza wa tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Rais Idi Amin akampandisha cheo, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Wakati huo huo Walangi walikuwa wakiuawa, jeshini na nje ya jeshi. Kila serikali iliposhutumiwa, Akii-Bua alitajwa: mbona huyu Mlangi anastarehe? Simlaumu hata kidogo. Polisi wa miaka 22 angemrudishiaje Amin funguo za nyumba? Lakini tazama zawadi ile ilifanya kazi gani. Ilimfanya awe ushahidi wa mtu mwingine. Mwaka 1976 alitarajiwa kutetea taji lake kwenye Olimpiki ya Montreal, lakini Uganda ikajiunga na nchi za Afrika zilizoigomea michezo hiyo, na Edwin Moses wa Marekani akashinda na kuivunja rekodi yake.

Ikafika 1979. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walikuwa wanasonga mbele kumng'oa Amin, hata Tororo ilishambuliwa mwezi wa Machi. Sasa wale wale waliokuwa wakiteswa na Amin wangeweza kumwona yeye kuwa mtu wa Amin. Akachukua familia akakimbilia Kenya. Nyumba haibebeki, barabara yenye jina lako haibebeki. Bingwa wa Olimpiki aliingizwa katika kambi ya wakimbizi kama mtu yeyote. Aliyemtoa hakuwa serikali wala shirikisho la riadha. Ni Puma, kampuni ambayo alikuwa akivaa viatu vyake. Ilimpeleka Ujerumani na kumpa kazi kwa miaka michache.

Hapo ndipo ninapowaomba vijana wasimame kidogo. Uhusiano ule mdogo wa viatu, aliokuwa nao yeye mwenyewe kwa jina lake, ulimfaa kuliko zawadi zote za Ikulu. Huko Marekani nako yupo aliyejitafutia chake mwenyewe: katika mpira wao wa kusukumana na kuangushana, Chuck Bednarik aliichezea Philadelphia Eagles kutoka 1949 hadi 1962. Alisimama katikati ya safu ya mbele, wanapogongana watu wazito, na timu ilipopoteza mpira alibaki uwanjani kuzuia. Vidole vyake vilipinda, vikabaki hivyo hadi uzeeni. Malipo hayakutosha, hivyo akawa anauza zege, wakambatiza Concrete Charlie. Watu wa Tororo, mji wa saruji, wanaijua kazi hiyo. Hakungoja mwili ushindwe ndipo atafute riziki nyingine.

Kwa hiyo mzazi unayemruhusu mwanao avuke Jumamosi, muulize mwenye timu kabla ya mechi: akiumia, hospitali inalipwa na nani? Aandike, atie sahihi, na jirani ashuhudie. Atakayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Akii-Bua alirejea Uganda baada ya Ujerumani, akawa kocha. Mkewe alitangulia kufa. Yeye alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, akaacha watoto 11. Alizikwa kwa heshima za kitaifa. Hizo nazo alipewa na wakubwa, akiwa hawezi tena kuzikataa wala kuzitumia.