Fungu la Mjukuu Yatima

Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, mtu akifa na kuacha mtoto mmoja wa kiume, pamoja na wajukuu wawili wa mtoto mwingine wa kiume aliyemtangulia, mirathi yote huenda kwa aliye hai. Wajukuu hawapati kitu, kwani wa karibu humzuia wa mbali. Wanaodai kwamba sheria hii imepitwa na wakati hupenda kuanzia hapa. Watetezi nao hujibu haraka kwamba ami atawalea. Jibu hilo linapwaya, na kwetu pwani linapwaya zaidi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, matunzo ya lazima kwa jamaa wa damu ni baina ya wazazi na vizazi vyao tu. Ami halazimiki kumlisha mtoto wa nduguye. Aliyechukua mali yote hadaiwi ila hisani, na hisani haina kesi mbele ya kadhi. Ukoo uliokaa mtaa mmoja uliweza kumsuta. Akihamia mji mwingine, nani atamsuta?

Misri ililitazama jambo hili katika sheria namba 71 ya mwaka 1946, ikaleta wasia wa lazima: wajukuu hupewa kile ambacho mzazi wao angerithi, ilimradi kisizidi theluthi. Mirathi ikiwa shilingi milioni 30, wajukuu wetu wawili watapata milioni 10, na ami yao 20. Wapo wasemao kwamba huku ni kuchezea mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu. Sivyo. Aya ya 11 ya Surat An-Nisaa yenyewe inagawa mafungu baada ya wasia na deni, na theluthi ni uwanja wa wasia. Waliochezea mafungu ni Pakistan, ambao sheria yao ya mwaka 1961 inamweka mjukuu mahali pa mzazi wake: marehemu akiacha binti, na mjukuu wa kike wa mtoto wa kiume aliyetangulia, mjukuu huchukua theluthi mbili na binti wa kumzaa theluthi moja!

Pingamizi zito ni jingine: wasia ni hiari ya mwenye mali, na serikali haiwezi kuusia kwa niaba ya maiti. Mwanazuoni Ibn Hazm aliuona wasia kwa jamaa wasiorithi kuwa wajibu, akitegemea aya ya 180 ya Surat Al-Baqara, lakini wanazuoni walio wengi hawakumfuata. Kwa hiyo silazimishi njia ya Misri. Ila hoja hiyo, ikikubaliwa, inamrudishia mzigo babu mwenyewe angali hai. Katazo la kumuusia mrithi halimhusu mjukuu aliyezuiliwa, na theluthi iko mikononi mwa babu. Anayejua kwamba wajukuu wake watatoka mikono mitupu, na kalamu anayo, asiisingizie sheria.